"Borrow me your pen": utatuzi wa vitenzi vya Kiingereza vinavyochanganywa

Makosa ya vitenzi yana hila moja: kompyuta huyapitisha. Ukiandika "recieve", mstari mwekundu unatokea papo hapo. Ukiandika "Please borrow me ten thousand", kila neno limo kwenye kamusi, tahajia ni safi, na ujumbe unaondoka hivyo hivyo kwa bosi. Programu za kusahihisha sarufi zimeboreka, lakini bado zinakwama pale ambapo sentensi yako ni Kiingereza halali chenye maana usiyoikusudia.

Nimepanga kwa dalili, yaani kile msomaji wako anachokunjia uso. Chini ya kila dalili, chanzo cha kwanza ndicho kinachojitokeza mara nyingi zaidi. Kipimo chepesi kikitosha, ishia hapo.

Kabla ya yote, kipimo cha nusu dakika

Shika kitenzi chako uulize: tendo linampata nani au nini? Kisha fungua kamusi ya wanafunzi wa Kiingereza. Zile za Cambridge, kwa mfano, huweka herufi T kwa kitenzi kinachotaka shamirisho (mtu au kitu kinachopatwa na tendo) na I kwa kisichotaka. Wengi huiruka herufi hiyo na kukimbilia maana, na baadhi ya makosa ya hapa chini yangeishia kwenye herufi hiyo.

Halafu iseme sentensi yako kwa Kiswahili na usikilize mwisho wa kitenzi. Ukisikia -esha, -isha, -sha, -za au -ia, tega sikio: mara nyingi pale Kiswahili kinaponyambua kitenzi, Kiingereza kinakuja na kitenzi kingine kabisa.

Dalili: aliyetoa na aliyepokea wamebadilishana viti

"Can you borrow me your charger?" "Remember me to send the invoice." "She learned us history."

Chanzo cha kwanza ni kitenzi chetu wenyewe, kuazima. Kinakwenda pande zote mbili: "naazima kalamu kwa Asha" na "Asha, niazime kalamu". Kwa kazi hii Kiingereza sanifu hakina kitenzi kimoja cha namna hiyo. Kwa hiyo usipime kwa kuazima. Pima kwa kukopa na kukopesha hata kama ni kalamu tu: anayekopa ni "borrow", anayekopesha ni "lend". Ukibaki na shaka, angalia kihusishi. "Borrow" hufuatwa na "from", "lend" hufuatwa na "to". "I borrowed it from Asha. Asha lent it to me." Wakati uliopita ni "lent", "lended" haipo.

Chanzo cha pili ni kauli ya kutendesha. Kumbuka ni "remember", kumbusha ni "remind". Jifunza ni "learn", fundisha ni "teach". Hapa mnyambuliko wa Kiswahili ni dawa tosha: ukisikia kumbusha kichwani, mkono uandike "remind". Ila usishangae ukikutana na "Remember me to your mother" katika barua ya Mwingereza mzee. Hajakosea. Anasema umsalimie mama yako.

Chanzo cha tatu, adimu kidogo, ni "loan". Wamarekani huitumia kama kitenzi bila wasiwasi. Waingereza wengi hupenda ibaki nomino. Kwenye barua rasmi andika "lend" na hakuna atakayekuuliza.

Simama hapa uite wakili: ukishaona "lessor" na "lessee", au "mortgagor" na "mortgagee", usibahatishe. Wa kwanza mpangishaji, wa pili mpangaji, hapo bado ni rahisi. Lakini "mortgagor" ni yule anayeweka nyumba rehani, na "mortgagee" ni benki. Watu wengi hufikiri kinyume, hata waliozaliwa na Kiingereza, na mkataba uliosainiwa kinyume haurekebishwi na kamusi.

Dalili: kitu kimejipandisha au kimejilaza chenyewe

"Fuel prices have raised again." "The files are laying on your desk."

Hapa Kiswahili kinakubeba vizuri ukikisikiliza. Bei zimepanda: "prices have risen". Wamepandisha bei: "they have raised prices". Mtoto amelala kitandani: "the child is lying on the bed". Mama amemlaza mtoto: "she has laid the child on the bed". Penye kutendesha, weka "raise" na "lay". Pasipo na kutendesha, weka "rise" na "lie".

Mfanano huu una sababu. Zamani lugha za ukoo wa Kiingereza zilikuwa na kauli yao ya kutendesha, iliyobadilisha irabu ya katikati na kuongeza kiambishi mwishoni, ambacho baadaye kilipotea. Mabaki yake ndiyo hizi jozi zinazotusumbua: "sit" na "set", "lie" na "lay", "fall" na "fell" yenye maana ya kuangusha mti. Hata "drench", kulowesha chapachapa, ni mtoto wa "drink", yaani kunywesha. "Raise" ilipitia kwa Waskandinavia, lakini ni ukoo huo huo. Kauli ile ilikufa ikaacha mifupa, na wanafunzi wa leo wanajikwaa juu ya mifupa hiyo.

Chanzo cha pili ni maumbo ya wakati, na hapa "lie" na "lay" zinastahili kukaliwa kitako. Kujilaza: "lie", jana "lay", baada ya "have" ni "lain". Kulaza au kuweka: "lay", jana "laid", baada ya "have" ni "laid" tena. Umeona mtego? "Lay" ya jana ya kujilaza inafanana herufi kwa herufi na "lay" ya leo ya kulaza. "After lunch I lay on the mat" ni sahihi kabisa, kwa sababu ni jana. "I want to lay on the mat" si sahihi, kwa sababu ni sasa, na hakuna unachokilaza. Juu ya hapo kuna "lie" ya kusema uongo, ambayo inakwenda "lied" na "lied". Kuku naye hutaga kwa "lay": "the hen laid four eggs".

Umbo la -ing ndilo linaloponza barua za ofisini. Faili zilizoko mezani "are lying". Fundi anayepanga vigae "is laying tiles".

Kama bado panakuchanganya, kwepa. Badala ya "lay" andika "put". Badala ya "rise" na "raise" andika "increase", ambayo inakubali pande zote mbili: "prices increased", "they increased prices". Kukwepa si woga, na msomaji hatajua. Isitoshe, Wamarekani wengi wakizungumza husema "lay down" pale sarufi inapotaka "lie down", kwa hiyo usimsahihishe mtu katikati ya maongezi. Kwenye maandishi ya kazi au ya mtihani, sahihisha.

Dalili: ulisema "si lazima", yeye akasoma "marufuku"

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu pande zote mbili huamini zimeelewana. Katibu anataka kuwaambia wafanyakazi kwamba Jumamosi si lazima waje. Anaandika: "You must not come on Saturday." Wafanyakazi wanaelewa kwamba wamezuiwa getini.

Chanzo cha kwanza ni mahali ukanushi unaposhika. Katika "si lazima", ukanushi unaondoa ulazima. Katika "must not", ulazima unabaki palepale na kinachokanushwa ni tendo: ni lazima usije. "Si lazima" ya kweli ni "don't have to" au "need not". Jiulize swali moja: akija, atakuwa amevunja agizo? Jibu likiwa ndiyo, "must not". Likiwa hapana, "don't have to". Ajabu ni kwamba bila ukanushi "must" na "have to" zinakaribiana sana, ndiyo maana mtu hudhani zitabaki ndugu hata zikikanushwa.

Chanzo cha pili: "should" mahali pa "must". "Applicants should attach a certificate" inasomeka kama ushauri mzuri tu. Kama bila cheti ombi linatupwa, sema "must".

Chanzo cha tatu: "may not" ina nyuso mbili. "Visitors may not enter" ni katazo. "The visitors may not come" ni huenda wasije. Mazingira husaidia kwa kawaida. Yasiposaidia, andika "are not allowed to" au "might not".

Simama hapa: maelekezo ya dawa, tahadhari za mashine na umeme, na masharti ya mkataba havitafsiriwi kwa kukisia. "Must not be taken with food" na "need not be taken with food" zinatofautiana kwa neno moja, na anayeumia ni mgonjwa. Dawa, muulize mfamasia. "Shall" ya kwenye mkataba, muulize mwanasheria, kwa sababu huko kwa kawaida hubeba wajibu wala haisemi habari za kesho.

Dalili: tendo limemwangukia asiyehusika

"They stole me at the bus stand." "He said me the truth." "Simba won Yanga."

Ya kwanza, kwa anayesoma Kiingereza, ni habari ya kutekwa nyara: waliniiba. Ulitaka kusema waliniibia. Kiswahili kinatofautisha kwa -ia, Kiingereza kwa kitenzi. "Steal" inashika kitu kilichoibwa: "they stole my phone". "Rob" inashika mtu au mahali: "they robbed me", "they robbed a bank". Ukitaka vyote viwili katika sentensi moja, "they robbed me of my phone", au kwa lugha ya kila siku, "my phone was stolen".

Tahadhari moja kabla hujaikimbilia "rob". Katika sheria za jinai za Tanzania na za Kenya, wizi na unyang'anyi ni makosa mawili tofauti, na unyang'anyi unataka nguvu au vitisho. Simu iliyochomolewa mfukoni bila wewe kujua imeibwa. Ukiandika "I was robbed" kwenye maelezo ya polisi au fomu ya bima, umedai kosa jingine. Maelezo ya polisi yaandike kwa Kiswahili unachokimudu, tafsiri ifanywe na mtu wa kazi hiyo.

"Say" na "tell" ni nyepesi. Kuambia hakuendi bila mtu. Huwezi kusema "niliambia" ukanyamaza bila msikilizaji kuuliza ulimwambia nani. "Tell" ina tabia hiyo hiyo: "he told me". Kusema kunajitosheleza, na "say" vilevile: "he said that". Zipo semi chache ambapo "tell" inakwenda bila mtu, kama "tell the truth", "tell a lie" na "tell a story". Zimeze kama zilivyo.

Kuhusu mpira: unashinda mechi, kombe au uchaguzi kwa "win", lakini mpinzani unamshinda kwa "beat". "Simba beat Yanga and won the match." "Beat" ya jana haibadiliki, ni "beat" ile ile, "beaten" inangoja "have" au "was".

Dalili: Kiingereza kinaeleweka, ila kina harufu ya nyumbani

Chanzo ni kimoja tu: kitenzi kimoja cha Kiswahili chenye kazi nyingi. Hakuna wa kulaumiwa, na baadhi ya matumizi haya Waafrika Mashariki wanaelewana kwayo bila tatizo. Yasahihishe pale msomaji ni wa mbali.

Kusikia: tunasikia sauti, baridi, njaa, hata harufu. Kwa Kiingereza sauti ni "hear", baridi na njaa ni "feel", harufu ni "smell". "I hear a bad smell" humfanya mgeni atabasamu. Tofauti na "listen" tayari unayo: ni kusikiliza.

Kuacha: niache niende ni "let me go". Aliacha sigara ni "he stopped smoking". Aliacha begi kwenye daladala ni "he left his bag". "Leave me to go" haipo, ingawa inasikika kila kona.

Kufungua: mlango "open", redio "turn on" au "switch on", kamba "untie". Na kwa kuwa redio tunaifungua, wapo wanaoiongoza hata taa njia hiyo hiyo: "open the light".

Kukaa: "I stay in Tabata" inaeleweka, na Waskoti pia husema hivyo kwa maana ya kuishi. Kwenye fomu ya viza, hata hivyo, "stay" ni kukaa kwa muda, kama hotelini. Makazi yako ni "live".

Kusubiri: "waiting your reply" inakosa "for". Ama "waiting for your reply", ama "awaiting your reply" bila "for". Na ukitarajia jibu, taja unachotarajia, maana "I am expecting" ikiachwa peke yake kwa Mwingereza ni tangazo la ujauzito.

Kufanya ndiyo donda ndugu, kwa sababu kutofautisha "do" na "make" hakuna kanuni inayofika mwisho. Husemwa kwamba "make" ni kutengeneza kitu kipya na "do" ni kutekeleza kazi. Inasaidia kwa "make a chair" na "do the dishes", kisha inakuangusha kwenye "make a mistake", "make a decision", "make noise", dhidi ya "do business", "do research", "do harm". Kariri kitenzi pamoja na nomino yake, kama unavyojua kwamba ngoma hupigwa na ahadi huwekwa. Njia ya mkato sijaiona.

Dalili: neno lipo, lakini ni la jirani

"I felt down on the stairs." "I leave in Tanga." "Kindly advice." "Please correct your parcel at the counter."

Anza na sikio. Kiswahili kina irabu tano, na Kiingereza kinatenganisha i fupi na ii ndefu. Kwetu zinaingia shimo moja, na kalamu inaandika kilichosikika: "live" na "leave", "fill" na "feel", "slip" na "sleep". Andika orodha ya jozi zako tu, zile zinazokuponza wewe. Wale ambao lugha yao ya kwanza haitenganishi r na l wana jozi zao: "collect" na "correct", "pray" na "play", "lead" na "read".

"Felt" na "fell" ni jambo jingine, ni wakati uliopita. Kuanguka: "fall, fell, fallen". Kuhisi: "feel, felt, felt". Aliyeanguka kwenye ngazi "fell".

Herufi c na s: "advise" yenye s ni kitenzi, "advice" yenye c ni nomino. Kwa tahajia ya Kiingereza cha Uingereza, "practise" na "practice" hufuata mtindo huo. Wamarekani huandika "practice" kote. "Lose" ni kupoteza. "Loose" ni kivumishi, yaani iliyolegea.

"Affect" na "effect": kuathiri ni "affect", athari ni "effect". Lakini "effect" nayo ina maisha ya kitenzi, kutekeleza, na wahasibu wetu wanaipenda: "kindly effect payment". Ukimsahihisha mhasibu aandike "affect payment", umemwomba ayavuruge malipo.

Dalili: umepima yote, sentensi bado inagoma

Hapo huenda kitenzi ni sahihi na umbo lake ndilo limekosewa. Shule iliyoanzishwa "was founded". "Was found" maana yake ilipatikana baada ya kupotea. Nguo zilizoanikwa "were hung". "Were hanged" ni watu walionyongwa. Tazama orodha ya vitenzi visivyo na kanuni mwishoni mwa kamusi kabla ya kufumua sentensi nzima.

Kama kila aya ina makosa ya namna hii matano au sita, kuziba moja moja ni kupoteza muda; tafuta mwalimu akae na maandishi yako halisi, si zoezi la kitabuni. Tasnifu mpe mhariri, ila soma kanuni za chuo chako kwanza ujue anaruhusiwa kugusa nini. Hati ya kiapo, cheti cha ndoa au hukumu inayokwenda ubalozini isipite mikononi mwako hata kama Kiingereza chako ni kizuri: waulize ubalozini wanakubali mihuri ya watafsiri gani, kisha mpelekee mmoja wa watafsiri hao.